Kokwa Tatu za Ijumaa

Mashati ya Msabaha huanza kuchakaa tumboni. Ya watu wengine huanzia kolani au viwikoni, lakini yake hutoboka vitundu vidogo vidogo pale mbele, mahali asidi ya betri inaporuka. Tumegawana baraza moja hapa Msata kwa miaka kumi na tisa, duka langu mkono wa kulia na kibanda chake cha kuchaji betri mkono wa kushoto, na sijawahi kumwona na shati zima hata siku ya Idi. Nilikuwa nikimtania kwamba akifa tutamtafutia sanda ya chuma. Alikuwa akicheka. Siku hizi simtanii.

Mimi ni Shaikha, mjane wa Humoud, muuza vitambaa, sukari na soda baridi. Watu wanasema nina ulimi mkali, na sijawahi kumwona wa kuwabishia. Lakini nataka ijulikane mapema kwamba katika habari hii ulimi wangu haukumdhuru mtu kwa kusema.

Kazi ya Msabaha watu huidharau. Wanadhani kuchaji betri ni kubana waya mbili na kungoja. Dereva anasimamisha lori, anashusha betri, anauliza, "Fundi, nije baada ya saa mbili?" Msabaha humtazama kama mtu aliyeulizwa kama wali unaweza kuiva bila moto. Yeye alifundishwa na mzee Rajabali, aliyekuwa na duka la vipuri Bagamoyo mjini, enzi hizo Msabaha ni kijana aliyetoka kwao Kerege bila kujua hata kufunga nati. Rajabali alimfundisha hesabu moja, na hesabu hiyo ndiyo iliyomlisha maisha yake yote. Betri ya ampea sabini, chaja inatoa saba kwa saa. Sabini gawa kwa saba, saa kumi. Kisha ongeza mbili, maana umeme mwingine hupotea kwa joto na hauingii. Kama betri imebaki nusu, utaingiza thelathini na tano: saa tano, ongeza moja, saa sita. Ukizidisha kasi ili mteja aondoke mapema, maji yanachemka na vibamba vya madini ya risasi vilivyomo ndani vinapinda. Ukipunguza saa, unampa mtu betri inayowaka asubuhi na kumsaliti jioni.

"Betri ni amana, Bi Shaikha," aliwahi kuniambia. "Mtu hajui kilichomo. Anakuamini wewe tu."

Na kwa sababu umeme wetu hapa una tabia zake, Msabaha hakuziamini saa za ukutani peke yake. Kila betri ilikuwa na kopo lake, na kando ya kopo kokwa za tende. Saa moja ya umeme ikipita, anatia kokwa moja koponi. Umeme ukikatika, hatii kitu, hata ukikatika kutwa. Siku za Ijumaa alikuwa akivuka barabara mapema kwenda msikitini, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kushughulikia vipaza sauti. Basi aliniachia mimi makopo. "Nisimamie kokwa zangu, Bi Shaikha." Nilizisimamia. Miaka kumi na tisa sikukosea hata moja, na tende zenyewe nilikuwa nikimpa mimi.

Ana binti mmoja tu, Dija. Mama yake alifariki Dija akiwa na umri wa miaka sita. Mtoto yule alikula kwangu, akalala chumba changu cha nyuma, nikamsuka nywele, nikamchapa alipostahili. Mimi sikujaaliwa kuzaa. Aliolewa na Maulidi, kijana wa Mkange mwenye pikapu kuukuu ya petroli, akaenda kuishi huko. Mimba ya kwanza iliharibika. Ya pili ilikuwa imefika mwezi wa tisa mambo haya yalipotokea, nami nilikuwa nimeshakata vitambaa vya kumvisha mtoto, vyeupe, vilikunjwa dukani chini ya meza.

Ugomvi wetu ulianza Jumatano. Nilikuwa napiga deki barazani, nikasogeza kimeza cha Msabaha, kipimo chake cha kioo kikaanguka kikavunjika. Kile ndicho alichokitumia kuivuta asidi ya betri na kuona kama kweli imejaa. Nilitaka kuomba radhi, Mungu ni shahidi wangu. Lakini yeye alikuwa wa kwanza kufungua kinywa.

"Mkono wako na ulimi wako ni ndugu," alisema mbele ya wateja. "Vyote havijui kutulia."

"Na wewe mtu gani unaweka kioo njiani?" nikamjibu. "Kuanzia leo usiniamkie!"

"Sikuamkii!"

Basi hakuniamkia. Alimwagiza mtu kipimo kingine Dar es Salaam, akaambiwa kitafika wiki inayofuata. Mimi nikaanza kuhesabu siku zangu. Tumefunzwa kwamba Muislamu asimhame mwenzake zaidi ya siku tatu, nami sikukusudia kuvunja mpaka huo. Lakini siku tatu nilizitaka zote, kamili, bila kupunguza hata saa. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jua la Ijumaa likizama, nitampelekea sahani ya vitumbua, yaishe. Ndivyo nilivyopanga, nikajiona mcha Mungu.

Alhamisi jioni Maulidi alikuja na pikapu. Alipitia kwangu kwanza. "Shikamoo, mama." Nikamwitikia marahaba, nikaingia ndani haraka, maana nilidhani ametumwa kupatanisha. Sikumuuliza habari ya nyumbani. Mtu kuja kutoka Mkange, mume wa mtoto niliyemlea, nami nisiulize habari ya nyumbani! Kununa kuna kazi kubwa, hakumwachii mtu nafasi ya kitu kingine.

Kama ningeuliza, angeniambia. Muuguzi alikuwa amempima Dija akamkuta mtoto amelala kiubavu tumboni. Alisema huyu hazai njia ya kawaida, ateremshwe hospitali kubwa kabla ya uchungu kumkuta, na asingoje hata wiki. Maulidi alikuwa amekuja Msata kwa sababu dainamo ya pikapu ilikuwa imekufa, ile inayoirudishia betri umeme gari likitembea, na nyingine isingepatikana kabla ya Jumatatu. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa bara. Kivuko cha njia ya Mkange mvua ikinyesha hakipitiki, wakati mwingine kwa siku tano. Gari la kukodi lililokuwapo lilikuwa limeenda Tanga na harusi, na pikipiki haiwezi kumbeba mwanamke wa hali ile kwenye matope.

Kwa hiyo Msabaha akapiga hesabu. Gari la petroli bila dainamo linaweza kutembea, ila litakula umeme wa betri tu. Betri ikijaa kabisa, Maulidi ataenda na kurudi bila kuzima injini, na akiba kidogo itabaki. Ijumaa asubuhi alipima kwa mita. Betri iliyolala usiku kucha bila kazi, mita husema kweli. Ikisema nusu, ni nusu. Ikitoka tu kwenye chaja, mita hudanganya, huonyesha imejaa hata kama haijajaa, ndiyo maana kile kioo kilikuwa na thamani. Sasa kioo hakuna. Zimebaki kokwa. Saa sita, kokwa sita. Alibana waya saa mbili asubuhi.

Haya yote niliyajua baadaye. Nilichokiona mimi Ijumaa ile ni betri nne juu ya benchi, tatu ndogo na moja kubwa, kama siku zote. Ilipofika saa tano kokwa tatu zilikuwa ndani ya kopo la betri kubwa. Msabaha alitoka na kanzu yake, ile yenye vitundu, akasimama kwenye ukingo wa baraza. Niliona anavyohangaika. Alinitazama, akatazama barabara, kisha akainama kwa paka wangu aliyekuwa amejilaza juu ya gunia.

"Ewe paka," alisema, kwa sauti ya kunifikia mimi, "mimi nakwenda msikitini. Umeme ukikatika, kumbuka saa. Jambo la leo kubwa."

Alikuwa ananiomba. Nilijua kabisa kwamba ananiomba. Lakini alimwomba paka, nami nikaona vema paka amjibu.

Hajafika ng'ambo, friji langu likanyamaza.

Nilikaa pale na friji likiwa kimya. Saa ya ukutani ilikuwa tano na dakika saba. Taa ya chaja ilizimika, ile nyekundu, na nilikuwa naiona vizuri kutoka kitini pangu. Nilijua ni lazima atagundua, kwa kuwa umeme ukikatika vipaza sauti vya msikiti hunyamaza na yeye ndiye anayekimbilia kuvishughulikia. Lakini hotuba ilisikika mpaka barazani, wazi, neno kwa neno, bila kukwama. Mwezi mmoja nyuma Msabaha mwenyewe alikuwa ameuwekea msikiti betri kubwa, akaichaji bure, ili umeme ukikatika watu wasikose hotuba. Ilifanya kazi kama alivyoahidi. Ndani ya msikiti hakuna aliyejua kama umeme umekatika.

Umeme ulirudi saa nane kasoro dakika tano. Friji likatetemeka, taa nyekundu ikawaka. Msabaha akavuka barabara saa nane na dakika chache akaikuta inawaka.

Aliitazama ile taa. Akamtazama paka. Kisha akanitazama mimi, kitambo kirefu kidogo, na uso wake haukuwa wa ugomvi. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Maneno mawili: umeme ulikatika. Yalinijia mpaka kwenye meno. Nikasema moyoni, amwambie paka ampe hesabu. Nikainama nikaendelea kupanga soda.

Nilisikia kokwa zinaanguka koponi. Moja. Mbili. Tatu.

Sasa zikawa sita. Nilipotoka uani baada ya kusali adhuhuri betri kubwa haikuwapo tena, na pikapu ya Maulidi nayo ilikuwa imeondoka. Hayo mawili sikuyaunganisha, wala hayakunishtua. Mtu amechukua betri yake, amekwenda zake. Ikimzimikia njiani atakuja kumgombeza Msabaha, na Msabaha atajifunza kuomba watu badala ya paka. Nakiri kwamba nilitabasamu. Mvua ilikuwa imeanza, matone mazito ya mbali mbali, halafu ikashika kasi mpaka barabara ya Segera haikuonekana. Malori yalipita na taa zimewaka mchana.

Kutwa nzima mvua ile haikunipa raha, wala sikujua kwa nini. Nilivunja kikombe. Paka alikataa kuingia ndani, alikaa mlangoni kwa Msabaha akitazama barabara. Nilikaanga vitumbua mapema kuliko nilivyopanga, na muda si mrefu kabla ya magharibi, siku zangu tatu zikiwa zimekaribia kutimia, nilifunika sahani nikapita kwake.

"Hodi, Msabaha. Yaishe."

Aliruka kitini kama aliyekuwa anangoja hilo tu. "Yameisha, Bi Shaikha, yameisha. Karibu. Nisamehe kwa neno langu." Akapokea sahani kwa mikono miwili. Alikuwa na furaha ya mtoto. "Nimekuwa natamani kukuambia tangu jana, moyo unanipasuka. Maulidi amekwenda kumchukua Dija. Mtoto amekaa vibaya, lazima apasuliwe. Lakini usiogope, saa moja na robo watakuwa hapa barazani, tusimamishe basi, tuongozane nao mpaka Bagamoyo."

"Amekwenda na nini?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Na pikapu. Dainamo imekufa, anatembelea betri. Ile kubwa ya leo. Nimeipa saa sita kamili."

"Umeme ulikatika," nilisema.

"Lini?"

"Ulipokwenda msikitini. Tangu ulipovuka mpaka ulipokaribia kurudi."

Ningependa kusema alinipigia kelele. Aliweka sahani chini polepole, akachukua kipande cha chaki, akaandika ubaoni, maana huyu mtu hajui kufikiri bila kuandika. Saa tatu, mara saba, ishirini na moja. Sabini toa ishirini na moja, arobaini na tisa. Gari na mvua, waipa na taa, linakula kama kumi na tano kwa saa. Aliigawa.

"Inamtosha kwa saa tatu na robo," alisema. "Ameondoka saa tisa kasoro robo."

Tuliitazama saa ya ukutani pamoja. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo.

"Limezimika robo saa iliyopita," Msabaha alisema. "Ameshamchukua Dija. Wako porini kati ya Mkange na Miono."

Alipiga simu ya Maulidi, haikupatikana. Ya Dija, haikupatikana. Akapiga tena, na tena, na mimi namwambia piga. Kisha akasema kitu ambacho nakisikia mpaka leo, bila ukali, kama anavyomweleza mteja. "Ile ya msikiti bado imejaa, Bi Shaikha, vipaza sauti hula kidogo. Ningejua, ningempa Maulidi aiweke nyuma kama akiba. Imamu asingekataa."

Aliivuka barabara mvuani bila viatu. Alirudi ameikumbatia betri ya msikiti, ameifunga kwa gunia, na Mikdad, kijana wa bodaboda, tayari amewasha pikipiki. Alikaa nyuma na betri mapajani. Niliwatazama mpaka taa yao nyekundu ikapotea kuelekea Mandera.

Vitumbua vililiwa na kuku asubuhi.

Waliwakuta mahali Msabaha alipopahesabu, karibu kabisa. Pikapu ilikuwa imesimama katikati ya njia, maji yanapita chini ya matairi. Maulidi alikuwa amekwenda kwa miguu kutafuta msaada akarudi mikono mitupu. Dija alikuwa peke yake ndani ya gari wakati huo, na uchungu ulikuwa umeshamshika. Msabaha aliifunga betri kwenye giza kwa mwanga wa simu ya Mikdad, gari likawaka mara ya kwanza. Walifika hospitali. Madaktari walifanya kazi yao, wakamwokoa mama. Mtoto alikuwa wa kiume, na alikuwa ameshafariki tumboni kabla hawajafika. Muuguzi alimwambia Maulidi kwamba kama wangewahi kwa saa mbili au tatu, mambo yangekuwa mengine. Hakumwambia kwa ubaya, aliulizwa akajibu.

Saa tatu. Mimi nazijua zilikokuwa hizo saa tatu. Zilikuwa ndani ya kopo, kokwa tatu za tende yangu mwenyewe.

Vile vitambaa vyeupe nilivikata upya, na vilimtosha kuwa sanda.

Dija amerudi chumba changu cha nyuma. Anakamilisha arobaini yake hapa, bila mtoto. Maziwa yalimjia siku ya tatu, nilimfunga kanga kifuani kama tulivyofundishwa na mama zetu, naye akanishika mkono akasema, "Mama, ungekuwepo wewe nisingeogopa." Nilimwambia, siku ile ile. Nilimwambia yote, paka na friji na soda nilizokuwa nazipanga. Alinisikiliza akiwa ametazama ukuta. Hajanitukana. Anakula ninachompikia, ananiitikia nikimwita, lakini usiku hufunga mlango wa chumba kwa ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utoto wake.

Watu wanaokuja kutoa pole husema majuto ni mjukuu. Wanasema kwa wema, ni mazoea ya ulimi. Mimi huondoka nikaenda jikoni.

Msabaha bado anachaji betri. Kipimo kipya cha kioo kimefika, amekitundika ukutani juu sana, mahali ambapo mkono wangu haufiki. Ijumaa iliyopita niliketi kitini pangu tangu asubuhi bila kufungua duka. Ilipofika saa tano alitoka na kanzu. Paka alikuwa juu ya gunia lake. Msabaha alimpita bila kumtazama, akaja mpaka mbele yangu, akaniwekea kopo mapajani. Amezeeka.

"Bi Shaikha," alisema, "umeme ukikatika, niambie."

"Nitakuambia."

Alivuka barabara. Nililishika kopo lile kwa mikono yote miwili mpaka aliporudi, macho yangu kwenye taa nyekundu, na haikuzimika.